KANISA LILILOVUKA MPAKA LIKIIMBA
Historia fupi ya walei, nyimbo na huduma katika Busia na Tororo

Kamati ya jamii imeniomba niandike makala ya historia kwa ajili ya toleo hili la kumbukumbu. Nimechagua habari za Kanisa la Kianglikana katika Busia na Tororo, mahali ambapo Uganda na Kenya zinapakana. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, wengi wetu katika kambi hii tumepita kwenye mpaka huo, wengine tukielekea mashariki na wengine magharibi, mtoto mgongoni na karatasi mkononi, au bila karatasi. Pili, kuna swali linalotusumbua hapa kambini kila Jumapili, nalo ni hili: je, kundi la waumini lisilo na kasisi wa kudumu, linaloongozwa na mwalimu wa shule, fundi cherehani na mama wa kwaya, ni kanisa kamili, au ni watu wanaongoja kanisa?

Swali hili lina uzito. Limewafanya baadhi ya vijana waache kuja, wakisema kwamba tunaigiza ibada. Limewafanya baadhi ya wazee wakatae kazi waliyopewa, wakisema wao hawakusomea uchungaji. Hata ndugu zetu wa mashirika, wanapouliza kiongozi wenu ni nani, wasipoonyeshwa mtu mwenye kola nyeupe shingoni huandika kwamba kiongozi hayupo. Kwaya nayo huitwa siku ya wageni tu, iimbe kidogo, watu wapige makofi, basi.

Ndugu zetu wa madhehebu mengine, na ndugu zetu Waislamu, wasidhani makala haya hayawahusu. Kila jamii iliyohama inajua jambo hili la kushika dini na desturi wakati wakubwa wake hawapo karibu. Tuangalie basi watu wa Busia na Tororo walifanyaje.

MPAKA NA WATU WAKE

Hadi mwaka 1902, nchi yote ya Kavirondo, kutoka Busia hadi Kisumu na kuendelea, ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902 Waingereza waliukata mkoa huo na kuutia katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Shabaha yao kubwa ilikuwa reli: walitaka njia yote kutoka Mombasa hadi ziwani iwe chini ya serikali moja. Mpaka ukafuata mito ya Lwakhakha, Malaba na Sio, na mahali pengine ukafuata kalamu tu.

Wenyeji hawakuulizwa. Wasamia walijikuta huku na huku. Wateso nao vivyo hivyo, wengine Tororo, wengine Amukura. Jopadhola wa Tororo walibaki Uganda, na ndugu zao wa lugha, Wajaluo, wakawa Kenya. Shamba la mtu lilikuwa nchi moja na kaburi la babu yake nchi nyingine.

Kanisa lilichelewa kuukubali mpaka huo. Kavirondo iliendelea kuwa chini ya Askofu wa Uganda hadi mwaka 1921, ndipo ikahamishiwa Dayosisi ya Mombasa. Kwa hiyo, karibu miaka ishirini baada ya serikali kuwagawanya, Msamia wa mashariki na Msamia wa magharibi walikuwa bado na askofu mmoja. Na hata baada ya 1921 watu waliendelea kuvuka mto kwa arusi, mazishi na mikutano ya maombi, kama walivyovuka kwa soko.

WALIOTANGULIA

Wamisionari wa kwanza wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877. Walipoanza kufundisha walitumia sana Kiswahili, maana ndiyo lugha waliyotoka nayo pwani. Vijana watatu wa kanisa hilo, Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga, waliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga tarehe 31 Januari 1885. Imesimuliwa tangu siku zile kwamba walikwenda kwenye moto wakiimba, na kwamba wimbo wao ulikuwa wa Kiswahili. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa kasisi.

Mwaka huohuo Askofu James Hannington alitoka pwani kuelekea Buganda kwa njia ya nchi kavu, akapitia Kavirondo. Alifika mahali palipoitwa Kwa Sundu, ndipo Mumias ya leo. Hapo aliacha sehemu kubwa ya msafara chini ya shemasi wake William Jones, naye akaendelea na watu wachache. Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa huko Busoga. Jones ndiye aliyepokea habari hizo kutoka kwa wachache waliookoka, na ndiye aliyewarudisha watu wake salama hadi Rabai.

Huyu Jones alikuwa nani? Alikuwa Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa baharini na kulelewa Nasik, India, kisha akaletwa pwani ya Kenya. Kwa lugha ya leo tungemwita mtu aliyepoteza makwao. Basi mmoja wa watumishi Waafrika wa kwanza wa Kanisa hilo kufika karibu na Busia alikuwa mtu asiye na kijiji cha kurudi. Tukumbuke jambo hilo tunapoambiwa kwamba mkimbizi hawezi kuanzisha kitu.

Mafundisho yenyewe yaliingia Bukedi, yaani nchi ya Tororo, Mbale na majirani zake, pamoja na Waganda. Biblia nzima kwa Luganda ilikwisha kupatikana mwaka 1896, kazi ya Henry Wright Duta na George Pilkington, ambaye mwenyewe alikuwa mlei. Tangu mwaka 1899 jemadari Semei Kakungulu, Mprotestanti, aliiteka nchi hiyo kwa bunduki na kuweka machifu Waganda. Nyuma ya machifu walikuja walimu wa dini wakiwa na vitabu vya Luganda.

Ni lazima tuseme ukweli hapa. Kwa mwananchi wa Tororo, mwalimu wa dini na mtoza kodi walifanana sana siku zile: wote walikuwa wageni na wote walisema Luganda. Ndiyo maana wengi walikaa mbali. Injili ilianza kuota mizizi pale vijana wenyeji walipojifunza kusoma na kurudi kufundisha nyumbani kwa lugha ya mama zao. Upande wa Kenya kazi kama hiyo ilitegemea sana Maseno, iliyofunguliwa mwaka 1906, ambako vijana walisoma kisha wakatawanyika vijijini kuwa walimu.

KAZI YA MWALIMU WA KANISA

Huyo mwalimu wa kijiji ndiye shujaa wa makala haya, ingawa jina lake mara nyingi halimo vitabuni. Alipewa mafunzo mafupi, akapewa kitabu, akatumwa. Alijenga kibanda cha miti na udongo. Asubuhi alifundisha watoto herufi, mchana alilima shamba lake, jioni alifundisha watu wazima katekisimu. Alitembelea wagonjwa na alizika wafu. Waumini waliitwa wasomaji, kwa sababu kusoma na kuamini vilikuja pamoja. Kasisi alifika mara chache kwa mwaka, kubatiza na kuandaa Meza ya Bwana, kisha akaondoka kwenda kwingine.

Utaratibu huo uliwezekanaje? Jibu limo katika Kitabu cha Sala. Sala ya Asubuhi na Sala ya Jioni hazihitaji kasisi. Mlei aliyeruhusiwa na askofu anaweza kuziongoza zote mbili, kusoma masomo, kuomba na kuhubiri. Mambo yaliyowekwa kwa kasisi ni machache, na kubwa kati ya hayo ni Meza ya Bwana. Hata ubatizo, mtu akiwa katika hatari ya kufa, mlei anaweza kuufanya. Tena Katiba ya Kanisa la Uganda ya mwaka 1909, aliyoipigania Askofu Alfred Tucker, iliwaweka walei ndani ya sinodi pamoja na makasisi. Hivyo kijiji kisicho na kasisi hakikuwa nje ya sheria. Kilikuwa sehemu ya mpango wenyewe.

Walei pia walikosea njia. Kakungulu, kwa mfano, aliendelea kusoma Biblia peke yake, akalihama Kanisa la Kianglikana, na mwaka 1919 akashika dini ya Kiyahudi pamoja na watu wake karibu na Mbale. Jamii hiyo ya Abayudaya ipo hadi leo. Sisemi hivyo kuwadharau watu hao. Nasema tu kwamba mlei aliyepewa kitabu amepewa uwezo mkubwa, na uwezo unahitaji wenzake wa kushauriana naye.

WIMBO ULIKUWA SHULE

Katika kijiji ambacho watu wachache walijua kusoma, wimbo ndio uliokuwa kitabu. Mtu asiyejua herufi hata moja aliweza kushika tenzi ishirini kichwani, na ndani ya tenzi hizo mlikuwa na mafundisho yote: kuzaliwa kwa Yesu, kufa kwake, kufufuka kwake, toba na tumaini. Mama aliimba akisaga mtama na mtoto alisikia. Mwalimu akihamishwa, wimbo ulibaki.

Lakini nyimbo zile za kwanza zilikuwa na kasoro, na walimu wenzangu wa muziki watanielewa. Tuni zilitoka Ulaya, maneno yakatafsiriwa na kulazimishwa kuingia ndani yake. Lugha kama Luganda na zile za Waluhya hupandisha na kushusha sauti ili kutofautisha maana. Tuni ikipanda mahali neno linaposhuka, neno hupotea au hugeuka kuwa lingine. Kiswahili hakina shida hiyo ya kupanda na kushuka, lakini kina mkazo katika silabi ya pili kutoka mwisho, na tuni ya kigeni mara nyingi hukanyaga silabi isiyostahili. Ndiyo sababu wazee wetu waliziimba tenzi polepole, wakizivuta, hadi zikawa kama zao.

Ngoma nayo ilikuwa na hali ya ajabu. Katika makanisa mengi ya Uganda ngoma ilipigwa nje kuita watu ibadani, kwa sababu kengele haikuwepo. Lakini ilipofika mlangoni iliambiwa ingoje huko huko, maana ndani ilihesabiwa kuwa chombo cha pombe na mizimu. Baada ya uhuru mlango ulifunguliwa kidogo kidogo. Leo adungu, kinanda cha nyuzi cha kaskazini mwa Uganda, kinasikika katika makanisa mengi ya nchi hiyo. Wateso wanayo akogo yao, Jopadhola wana ngoma yao ndefu iitwayo fumbo, na kwa Wabukusu wa upande wa Kenya kuna litungu.

Shuleni, walimu walifundisha kuimba kwa sauti nne kwa njia ya do, re, mi. Elimu hiyo nayo ilivuka mpaka. Mwaka 1963, Kenya ilipotafuta wimbo wa taifa, mmoja wa watu watano waliopewa kazi hiyo alikuwa George Senoga-Zake, mwalimu wa muziki aliyezaliwa Uganda. Wakenya wakisimama kuimba wimbo wao wa taifa, wanaimba kazi ambayo mzaliwa wa nchi jirani alitia mkono wake. Wimbo hauulizwi kitambulisho.

WALOKOLE NA UAMSHO

Katika miaka ya 1930 moto mpya uliwaka Gahini, Rwanda, na Kampala. Viongozi wake walikuwa karibu wote walei: Simeoni Nsibambi wa Buganda, mwalimu Blasio Kigozi aliyekuja kuwa shemasi na kufa Januari 1936, daktari Joe Church, na William Nagenda. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono kwa sababu ya msimamo wao wa uamsho, na Nagenda alikuwa kiongozi wao. Hakuwa kasisi baada ya hapo. Alihubiri akiwa mlei, katika nchi nyingi, mpaka alipougua.

Uamsho ulifika magharibi mwa Kenya mwishoni mwa miaka hiyo ya 1930. Haukujenga ofisi wala haukuwa na kadi za uanachama. Ulikuwa na mikutano ya ushirika ya kila juma, ambamo mtu aliungama mbele ya wenzake, na ulikuwa na pambio moja la Luganda ambalo Waganda, Wanyarwanda, Waluhya, Wajaluo na Wakikuyu waliliimba bila kulitafsiri. Mtu aliyefika Busia bila kumjua yeyote aliweza kulianzisha wimbo huo sokoni, akaitikiwa, na usiku huo akapata mahali pa kulala. Hapo wimbo ulifanya kazi ya barua ya utambulisho.

Uamsho ulileta pia mgawanyiko. Wengine waliona walokole wanawahukumu wenzao na kuwadharau makasisi. Huko Nyanza mvutano huo uliishia, mwaka 1957 na 1958, katika kuondoka kwa kundi la Johera, yaani watu wa upendo, lililoongozwa na Matthew Ajuoga na likawa Kanisa la Kristo katika Afrika. Somo lake ni wazi: walei wenye bidii wanaweza kulijenga kanisa, na bidii hiyohiyo isiyo na upole inaweza kulipasua.

ASKOFU ALIPOKIMBIA

Mwaka 1961 liliundwa jimbo moja la kanisa lililounganisha Uganda na nchi zilizoitwa wakati ule Ruanda-Urundi. Boga, katika Kongo, ambako mwalimu Apolo Kivebulaya wa Buganda alikuwa amefikisha Injili tangu miaka ya 1890, ilikuwa katika jimbo hilohilo. Hadi mwaka 1980 jimbo lilipogawanywa, Mwanglikana wa Tororo, wa Kigali, wa Bujumbura na wa Boga walikuwa na askofu mkuu mmoja. Nayaandika haya ili ndugu zetu wa Kongo, Burundi na Rwanda walio hapa wajue kwamba hawasomi historia ya watu wengine.

Dayosisi ya Bukedi, yenye makao yake Tororo, ilizaliwa mwaka 1972, na askofu wake wa kwanza alikuwa Yona Okoth, mwana wa hapohapo Tororo. Mwaka uliotangulia Idi Amin alikuwa ametwaa madaraka. Mapema Februari 1977 askari waliipekua nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum mjini Kampala wakidai kutafuta silaha, na nyumba ya Okoth huko Tororo nayo ikapekuliwa. Maaskofu walimwandikia Amin barua ya kupinga. Tarehe 16 Februari 1977 Luwum aliuawa. Okoth aliikimbia nchi, pamoja na maaskofu wengine.

Kaburi lilichimbwa Namirembe, karibu na kaburi la Hannington, lakini serikali haikuutoa mwili. Ulikuwa umepelekwa Mucwini, kijijini kwao Luwum. Jumapili ile, ingawa ibada ya kumbukumbu ilikatazwa, watu walifurika Namirembe. Walizunguka kaburi tupu, na Askofu Mkuu mstaafu Erica Sabiti akawakumbusha maneno ya malaika kwamba aliyetafutwa hayupo hapa, amefufuka. Kisha watu wakaimba wimbo wa mashahidi, uleule unaohusishwa na vijana watatu wa mwaka 1885. Hapakuwa na silaha mikononi mwao wala gazeti la kuwatetea. Walikuwa na wimbo, na serikali ilisikia.

Mwezi Juni mwaka huohuo Kanisa la Uganda lilitimiza miaka mia moja, likaiadhimisha bila Luwum na bila maaskofu waliokimbia. Huko Tororo kanisa kuu lilikuwa halina askofu wake, lakini kanisa za vijijini ziliendelea na Sala ya Asubuhi kama zilivyozoea, kwa sababu tangu mwanzo hazikumtegemea mtu mmoja. Naye Okoth? Alirudi, na mwaka 1984 akawa Askofu Mkuu wa Uganda hadi mwaka 1995. Aliyekuwa mkimbizi akawa mkuu wa nyumba.

WIMBO UNAWEZA KUPOTOSHA

Historia ya mpaka huu ina onyo pia. Mwaka 1987 jeshi la Alice Auma, aliyejulikana kama Lakwena, lilitoka kaskazini mwa Uganda, likapita Tororo likielekea Jinja. Wafuasi wake waliingia vitani wakiimba nyimbo za dini, wamejipaka mafuta ya shea, wakiamini kwamba risasi hazitawadhuru. Wengi walikufa. Mwenyewe alivuka kuingia Kenya, akafa Januari 2007 katika kambi ya Ifo, Dadaab, akiwa mkimbizi kama sisi. Desemba ya mwaka huo wa 1987 askari wa Kenya na wa Uganda nao walifyatuliana risasi hapo Busia, na mpaka ukafungwa.

Tusiseme basi kwamba kila wimbo unaotaja jina la Mungu ni mwema. Anayeimbisha watu amewashika moyoni, na moyo ukishikwa miguu hufuata. Ndiyo sababu kiongozi wa kwaya ni kiongozi kweli, na inatupasa kumchagua kwa uangalifu uleule tunaomchagua nao mwenyekiti wa eneo.

HUDUMA KANDO YA BARABARA

Reli ilipofika Kampala mwaka 1931, Tororo ilikuwa njia panda ya treni za Kampala na za Mbale na Soroti. Kiwanda cha saruji kilikuja miaka ya 1950. Wafanyakazi walitoka kila upande, na Kiswahili kikawa lugha ya karakana na ya soko. Busia nayo ilikua kwa biashara ya mpakani. Hapo ndipo neno bodaboda lilipozaliwa: vijana wa baiskeli walibeba abiria na mizigo katika nafasi iliyo kati ya vituo viwili vya mpaka, wakiita boda, boda. Neno hilo sasa limeenea Afrika Mashariki yote.

Katika miji ya namna hiyo parokia haiwezi kungoja watu waje. Malori hulala barabarani Malaba na Busia yakingoja karatasi, na pamoja na malori huja njaa, ulevi na magonjwa. Ukimwi ulipoenea katika miaka ya 1980, barabara hii iliumia sana. Wengi wa waliowaosha wagonjwa, waliowapikia yatima uji na waliokesha matangani walikuwa akina mama wa kanisa, hasa wa Umoja wa Akina Mama, umoja ambao Mary Sumner aliuanzisha katika parokia ya mumewe huko Uingereza mwaka 1876 na ambao Afrika umepata mikono mingi kuliko kwao. Shirika la TASO, lililoanzishwa Uganda mwaka 1987 na lenye kituo Tororo, lilionyesha jambo lingine: watu wenye virusi wenyewe waliunda vikundi vya nyimbo na maigizo, wakasimama mbele ya vijiji wakaeleza hali zao kwa kuimba. Mahali ambapo hotuba ya daktari ilikimbiwa, wimbo ulisikilizwa hadi mwisho.

Kisha ikaja Januari 2008. Baada ya uchaguzi wa Kenya maelfu ya Wakenya walivuka Busia, Malaba na Lwakhakha wakikimbia machafuko. Walipokelewa kwanza karibu na mpaka, kisha wengi wakapelekwa Mulanda katika wilaya ya Tororo, na baadaye Kiryandongo. Wale ambao miaka ya 1970 walikuwa wamewapokea Waganda, sasa watoto wao walipokelewa na Waganda. Wahenga walisema leo kwangu, kesho kwako. Mpaka wa Busia umeuthibitisha usemi huo pande zote mbili.

TUNAJIFUNZA NINI HAPA KAMBINI?

Narudi kwenye swali letu. Kwa historia hii, kundi linaloongozwa na walei ni kanisa kamili lenye upungufu wa kasisi, kama shule isiyo na mwalimu mkuu ilivyo bado shule. Lakini ukamilifu huo una kazi zake. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, viongozi wetu walei wapate ruhusa ya askofu wa mahali hapa kwa maandishi. Mwalimu wa kijiji cha zamani alitumwa, hakujituma. Ruhusa hiyo itawatuliza wazee wetu, na maafisa wa mashirika nao watajua wanazungumza na nani.

Pili, nyimbo ziandikwe. Kila mara familia ya mwalimu wa kwaya inapopata safari ya kwenda Kanada au Australia, tunafurahi kwa ajili yao, tunawasindikiza hadi kwenye basi, na Jumapili inayofuata kwaya haina sauti ya tatu. Nyimbo zimeondoka ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Kila kwaya iwe na daftari, maneno kwa lugha yake na do, re, mi juu yake, na kila mwalimu awe na msaidizi anayejua yote anayoyajua yeye. Ndugu zetu wa Sudan Kusini wametutangulia katika jambo hili. Wakati wa vita, Wadinka wa Kanisa la Kiepiskopali, wanawake wakiwa mstari wa mbele, kama mtunzi Mary Alueel Garang, walitunga nyimbo nyingi mpya kwa lugha yao, na nyimbo hizo zikabebwa hadi Kakuma na kambi nyinginezo. Vijiji viliungua, nyimbo hazikuungua.

Tatu, tusigombanie lugha. Bukedi ilipofundishwa kwa Luganda tu, watu walikaa mbali. Ilipofundishwa kwa lugha zao, walikuja. Kwaya ya Kirundi iimbe Kirundi, ya Kiacholi iimbe Kiacholi, na Kiswahili kiwe ukumbi wa kukutania. Aidha kila kwaya ijifunze wimbo mmoja wa wenzake kila muhula. Anayeutamka wimbo wa jirani yake ni vigumu kumwita adui jioni.

Nne, kwaya itoke. Akina mama wa Busia hawakuimba tu, walibeba maji na uji. Nashauri kila kwaya ipewe eneo lake la kambi: wajane, wagonjwa, wazee wanaoishi peke yao, na wageni waliofika juzi wakiwa bado chini ya turubai la mapokezi. Kwa maafisa wa mashirika naomba jambo moja tu. Mkitafuta watu wa kupeleka habari za chanjo, za kipindupindu au za mabadiliko ya mgao, ziulizeni kwaya. Wanajua kila mlango, na wanaaminiwa.

Ndugu wasomaji, wale walimu wa vijijini wa Busia na Tororo hawakungoja jengo, wala hawakungoja mpaka uwekwe sawa. Walianza na watu waliokuwapo, chini ya kivuli kilichokuwapo, kwa sauti walizokuwa nazo. Mazoezi ya kwaya zote ni Jumamosi saa kumi alasiri, chini ya mwembe ulio nyuma ya shule. Asiyejua kusoma aje vilevile. Tutamfundisha yote mawili.